Jozi ya Mlimani na Upana wa Reli: Utangulizi wa Elimu ya Wenza wa Njia

Ikisiri

Makala haya yanamchunguza kiumbe ambaye sayansi imempita kando kila ilipopanda milima ya Morogoro: watu wawili wenye mabegi mgongoni, sufuria moja na rai mbili. Data zilikusanywa uwandani, wilayani Kilosa na kwa majirani zake, kwa njia ya ushuhudiaji shirikishi, mahojiano yasiyopangwa, na ukimya mrefu uliofuata baada ya kila mahojiano. Imebainika kwamba jozi ya mlimani haishikwi na mapenzi, undugu wala kamba, bali na mtu wa tatu ambaye hakuwemo kwenye mpango.

Usuli wa tatizo

Hakuna wa kuilaumu sayansi kwa uvivu. Mwaka 1979 watafiti waliokuwa katika milima ya Udzungwa walimtambua mangabe wa Sanje, kima mkubwa ambaye wenyeji walikuwa wakimsikia kila siku bila kuhitaji kibali cha utafiti. Mwaka 2005 akatangazwa kipunji, aliyeonekana Rungwe na pia katika msitu wa Ndundulu, humohumo Udzungwa, na mwaka uliofuata alikwishapewa jenasi yake peke yake. Chura wa Kihansi, ambaye hafiki sentimita 3 hata akijinyoosha, mwaka 2000 alipandishwa ndege kwenda Marekani ili kizazi chake kisipotee. Watembezi wawili wakipotea katika milima ileile, hutafutwa na mwenyekiti wa kitongoji kwa tochi ya simu.

Shemeji yangu amepanda milima hiyo, akala ndizi za huko, akapiga kelele kumzidi kipunji, na mpaka leo hana hata spishi. Lugha yetu imeigawia ngeli miti, visu, hata kuta. Wanaotembea wawili wawili haijawagusa. Hilo ndilo pengo la kiutafiti ambalo makala haya yanakusudia kuliziba, au angalau kulipanua.

Uwanda wa utafiti na sampuli

Kilosa ilichaguliwa kwa sababu ukitoka mjini kuelekea pande nyingi unakutana na mlima. Kaskazini kuna Ukaguru, magharibi Rubeho, kusini Vidunda. Upande wa mashariki ardhi inalala, ndiyo mbuga ya Mkata, na humo imo Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, yenye kilomita za mraba 3,230. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inaikata hifadhi hiyo kwa kilomita zipatazo 50, ndiyo maana Watanzania wengi utalii wao wa kwanza waliufanya ndani ya basi, shingo zikigeuka kushoto kwa pamoja kondakta aliposema, "Tembo!" Watalii wa basi ni jamii nyingine kabisa, nasi hatukuwagusa.

Kuna tatizo moja la kitakwimu lazima litajwe. Kata ya Ulaya imo humuhumu wilayani, upande wa kwenda Mikumi. Mzee mmoja alitueleza kwamba ujanani alikuwa akienda Ulaya kwa miguu asubuhi na jioni yuko kwake anakula ugali. Hakuwa anatia chumvi hata punje. Data yake tumeiondoa kwa sababu ilikuwa inavuruga wastani.

Njia iliyochunguzwa kwa karibu ni ile ya kutoka Kidodi kupanda Vidunda, kwa miguu, kwa mikato, mchana kutwa, na mizigo ya kulala. Sampuli ilipatikana kwa usampulishaji lengwa, yaani nilimpata aliyekubali. Mshiriki B ni mume wa dada yangu. Jina lake limehifadhiwa kwa mujibu wa maadili ya utafiti, na kwa sababu anapajua kwangu. Kamati ya maadili ilikuwa ni dada mwenyewe, aliyetoa kibali kwa masharti mawili: turudi wazima, na sufuria yake irudi.

Kiunzi cha nadharia

Kidatu, kwenye barabara ya Mikumi kwenda Ifakara, pana jambo ambalo wataalamu wa mahusiano wamelipita wakiwa wamelala kwenye basi. Tawi la Reli ya Kati linalotoka Kilosa linaishia hapo, baada ya kilomita 108. TAZARA nayo inapita hapo. Kwa macho ya msafiri reli ni reli tu, chuma mbili, mataruma na kokoto. Lakini reli ya Kilosa ina geji ya milimita 1,000, na TAZARA ina geji ya milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, vidole vinne vya mtu mzima ukivibana. Kwa ajili ya vidole hivyo vinne behewa la upande huu haliendi upande ule hata ulibembeleze vipi, na ikabidi pawe na kituo maalumu cha kushushia mzigo huku na kuupakia kule.

Hapo ndipo ilipozaliwa Nadharia ya Kidatu, inayoongoza makala haya. Mhimili wake wa kwanza unasema kwamba watu hawagombani mlimani kwa sababu ya tofauti kubwa. Tofauti kubwa inaonekana mapema. Mnene na mwembamba, mzee na kijana, wanapangana tangu stendi. Kinachowamaliza ni vidole vinne. Mhimili wa pili unasema kwamba tofauti hiyo haitibiki kwa nia njema: dawa pekee ni kituo cha kushushia na kupakilia. Nadharia nzuri huwa na mhimili wa tatu. Wa kwetu ulianguka mtoni.

Uainishaji

Ngeli ya 1,000, au Reli ya Kati. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, na mtembezi wa ngeli hii ameurithi utaratibu huo wote. Anasimama kila palipo na mtu. Akikutana na mzee, ni shikamoo, kisha habari za nyumbani, za mvua, za mahindi, za ndugu aliyehamia Dumila. Akikutana na mtoto anamuuliza yuko darasa la ngapi. Akikosa mtu, anasimama kusoma kibao cha shule. Mwendo wake ni wa haki na hauna hila, ila una adui mmoja, maji. Mvua za mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 zilipoufurisha mto Mkondoa, reli ilikatika na safari zikasimama. Vivyo hivyo mtembezi wa ngeli ya 1,000 akikuta kijito cha kuvuka kwa hatua tatu, anakaa chini, anavua kiatu kimoja, anakunja suruali, anafikiri, anavua cha pili, anavuka, anasubiri miguu ikauke. Mwandishi wa makala haya amewekwa katika ngeli hii na Mshiriki B, na rufaa haikusikilizwa.

Ngeli ya 1,067, au TAZARA. Huyu aliumbwa kwa mizigo mikubwa na masafa marefu. Reli yenyewe, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, ina kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, na mtembezi wake hufungasha kama anayekwenda hukohuko. Tulipata nafasi ya kulichungulia begi la mmoja wao, kijana wa Morogoro mjini tuliyemkuta kwenye mapumziko ya kwanza amekaa juu ya jiwe huku akitazama njia kama mtu anayetazama bili ya hospitali. Mlikuwa na unga kilo nne, dagaa, mafuta ya kula kwenye chupa ya maji, jiko la mkaa, mkaa wenyewe, redio, betri za redio, tochi mbili ikiwa moja itaharibika, mwavuli, jozi tatu za soksi bado na karatasi zake, na nyundo. Tuliuliza ya nini nyundo. Akasema, "Huwezi jua." Nguvu anazo, hilo halina ubishi, na tambarare anakwenda vizuri kuliko ngeli zote. Tatizo ni kwamba akiharibika anaharibikia mahali ambapo fundi hafiki, na kipuri chake, mara nyingi ni goti, hakipatikani nchini.

Ngeli ya 1,435, au Mchongoko, kwa jina la treni yake. Hapa inabidi tukae kidogo, kwa kuwa ndiyo ngeli ya Mshiriki B, na ndiyo inayozidi kuongezeka tangu watu waanze kulipia kukimbia ndani ya ukumbi bila kwenda popote. Reli ya mwendokasi ya geji ya milimita 1,435 ilianza kupeleka abiria Dodoma Julai 2024, ikapita Kilosa kwa mahandaki yaliyochimbwa ndani ya milima ileile ambayo watu wengine wanaipanda. Mtembezi wa ngeli hii anautazama mlima kwa jicho hilo. Haoni kwa nini uwe hapo.

Dalili zake ni hizi. Anaamka kabla ya jogoo na kukunja hema, la kwako. Viatu vyake vina rangi ambazo porini hazipo. Haongei akipanda; anaongea akisubiri, na kwa kuwa anasubiri juu na wewe uko chini, mazungumzo yote ya siku yanafanyika kwa kupayuka. Na ana tabia moja ambayo utafiti huu unaiita Mshangao wa Kona. Njia inapinda, ukiifuata kona unamkuta amekaa, amevua begi, amekunja miguu, pumzi imetulia, maji amekunywa. Anakutazama kwa huruma ya kweli.

"Shem, umechoka?"

"Aah, sijachoka."

"Basi twende."

Na hapohapo anainuka. Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme katika kila saa anakuacha kwa dakika kumi. Mwisho wa kupanda kwa saa sita atakuwa amepumzika saa nzima, na wewe hujaketi. Yaani aendaye haraka ndiye anayepumzika, na aendaye polepole ndiye anayefanya kazi. Wachumi wanasema jambo kama hilo lipo pia mijini, lakini huko wanalieleza kwa grafu.

Udhaifu wa ngeli ya 1,435 ni wa kiteknolojia. Siku chache baada ya treni kuanza kwenda Dodoma, mwaka huohuo wa 2024, ilisimama njiani kwa hitilafu ya umeme, na shirika la reli likaeleza kwamba ngedere na bundi walihusika. Nchi ilicheka. Hatukucheka siku ile Vidunda. Mshiriki B alikuwa ameketi kwenye kona yake, macho ameyafumba, uso ameuelekeza juani, mfuko wa juu wa begi uko wazi. Ngedere alishuka kwenye mti bila haraka, kama karani anayeingia ofisini. Alifungua karatasi, akazigeuza chapati kuzikagua, akaacha ile iliyoungua, akaondoka na nyingine zote. Nilipofika nilikuta mchongoko umesimama. Hakuniuliza kama nimechoka. Aliuliza kama zangu bado zipo.

Ngeli ndogondogo tutazitaja tu ili tusionekane wavivu. Yupo Mtafuta Mtandao, anayepanda mlima mzima ameinua simu juu kama taa ya kandili, na anayejua kila jiwe lenye baa mbili. Yupo Mwanahistoria, anayekwambia kila hatua kwamba alipita huku zamani na palikuwa pazuri zaidi. Yupo pia mke au mume wa mtembezi, lakini hiyo ni mada ya shahada nyingine, na kamati yetu ya maadili imekataa kuipitisha.

Sampuli kongwe: Rubeho, 1857

Mtu asidhani haya ni mambo ya leo. Jozi iliyoandikwa kwa kina kuliko zote katika milima hii ya Usagara ni ya Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke. Waliondoka pwani Juni 1857, na Septemba wakawa chini ya Rubeho, wote wawili wana homa. Kwa maelezo ya Burton mwenyewe, kuupanda mlima ule kuliwachukua saa zipatazo sita, wakipumzika kila baada ya hatua chache na kuwashikilia watu waliowasaidia. Speke alizidiwa hadi akaweweseka, ikabidi silaha zake ziwekwe mbali naye. Kwa vigezo vyetu, siku ile hakuna aliyekuwa na geji yoyote, walikuwa wameshikiliwa.

Tofauti ya vidole vinne ilijitokeza baadaye. Agosti 1858 Burton alibaki Tabora, ambayo wakati huo waliiita Kazeh, naye Speke akaenda kaskazini na kuliona ziwa kubwa, akarudi na kusema chanzo cha Nile kiko huko. Burton hakukubali. Mei 1859 Speke alitangulia kufika London na kuzungumza kabla mwenzake hajatua. Huyo ni 1,435 asiye na shaka: alimsubiri mwenzake kwenye kona, ila kona yenyewe ilikuwa Jumuiya ya Kijiografia ya Kifalme. Septemba 1864 ilipangwa wakutane mbele ya wasomi mjini Bath wamalize ubishi. Siku moja kabla, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake akiwa mawindoni, na ubishi ukabaki bila upande wa pili.

Vitabu vingi husimulia habari hii kama ya watu wawili. Nadharia ya Kidatu inauliza: ni nani aliyekuwa akishusha na kupakia? Jibu lina jina, Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani hadi India na kurudi Zanzibar akiwa huru. Speke hakukijua Kiswahili. Alizungumza na Bombay kwa Kihindustani, na kupitia mdomo wa Bombay akazungumza na karibu kila mtu. Kila alichotaka Mzungu huyu na kila alichokataa mpagazi yule kilipitia kwake. Baada ya safari ile alikwenda tena na Speke na mwenzake Grant, kisha na Wazungu wengine: na Stanley mwaka 1871, halafu na Cameron hadi bahari ya Atlantiki. Jozi zilivunjika, wengine wakafa, wengine wakachukiana magazetini. Bombay aliendelea kupanda milima ileile. Mwaka 1876 wasomi wa London walimpa medali ya fedha. Mimi ningempa jenasi.

Na chini ya Bombay walikuwapo wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili, karibu kilo 32, kichwani au begani. Wasomi wa utani wanasema mizaha mingi ya makabila yetu ilikomaa kwenye njia hizo za misafara. Mtu uliyemtukania mjomba wake kwa ruhusa hawezi kukataa kukusaidia mzigo ukikuangukia mguuni. Utani huo nao ni reli, tena geji yake inaingiliana na zote.

Vipimo vya umbali

Sura hii ni fupi kwa sababu matokeo yake yalitutia hasira. Mwenyeji akiulizwa kama bado mbali, husema, "Hapo tu." Akisema huku ameinua kidevu, ni saa moja. Akinyoosha mkono na kuivuta ile "hapo" yake, tafuta mahali pa kulala. Kosa ni la msikilizaji. Mwenyeji anapima njia kwa kazi inayomsubiri mbele, sisi tunaipima kwa maumivu ya nyuma. Ngeli ya 1,000 huisikia "hapo tu" kama ahadi, ya 1,067 kama tishio, na ya 1,435 haiisikii kabisa, imeshapita.

Mchango wa mtu wa tatu

Mwongoza njia wetu alikuwa kijana wa palepale Vidunda. Alituita wazee, wingi, bila kutofautisha, jambo ambalo lilimkera Mshiriki B kuliko ngedere. Alivaa yeboyebo, alishika panga, na mzigo wake wote ulikuwa chupa ya maji iliyojaa nusu na mihogo ya kuchemsha ndani ya mfuko wa Rambo. Katika Hifadhi ya Udzungwa, iliyotangazwa mwaka 1992, ambayo ndani yake hutembelewa kwa miguu tu, utaratibu wa kwenda na mwongozaji ni wa lazima, na anayepanda kilele cha Mwanihana hulala njiani pamoja naye. Vidunda hakuna lango wala stakabadhi. Tulimchukua kwa sababu mtu wa dukani Kidodi alitutazama viatu, kisha akatutazama nyuso, kisha akamwita.

Hakutembea mbele wala nyuma. Alitembea kati. Mchongoko ulipokwenda mbali mno alipiga mluzi akasema, "Wazee, tunywe maji," wala hakuwa na kiu. Nilipobaki nyuma mno alisimama kukata kijiti ambacho hakikuhitaji kukatwa. Mkanda wa begi langu ulipofyatuka kwenye kifungo, plastiki ikapasuka vipande viwili, hakusema kitu. Alichomoa kipande cha kamba ya katani mfukoni, akakipitisha chini ya bega, akapiga fundo ambalo mpaka leo sijaweza kulifungua, akalivuta mara moja kulijaribu. Kwenye kila mapumziko alihamisha kitu: unga kutoka begi hili kwenda lile, maji kutoka lile kuja hili, na sufuria, ambayo ilining'inia nje na kugonga kila hatua, aliipokeza upande wa yule ambaye wakati huo alikuwa na maneno mengi. Hatukuona. Ni baada ya kurudi, nilipopanga data, ndipo ilipoonekana kwamba mizigo yetu ilikuwa imesafiri baina yetu mchana kutwa kwa akili ya mtu ambaye hakuwa na begi.

Mikanganyiko katika data

Kama saa tano hivi, pale mteremko unapofunguka na kuonesha mashamba ya miwa chini kuelekea Ruhembe, tulipishana na mama mmoja akishuka. Kichwani alikuwa na kata ya kanga iliyokunjwa duara kamili, juu ya kata mkungu wa ndizi ambao mimi nisingeuinua kutoka ardhini, mgongoni mtoto amelala, mkononi kandambili zake, kwa kuwa njia ilikuwa na utelezi na miguu mitupu inashika vizuri zaidi. Hakuyumba hata chembe. Tulisimama pembeni, mabegi yetu yakashika matawi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu, poleni jamani." Akayatazama mabegi, akatazama sufuria, akatazama jiko la yule kijana wa Morogoro aliyekuwa amejikongoja nyuma yetu. "Mnahamia?"

Mshiriki B alimweleza kwamba tunatembea tu, mazoezi, kuona mazingira. Alisikiliza kwa adabu yote. Akauliza mashamba yetu yako wapi. Tukasema hatuna mashamba huku. Akauliza tuna mgonjwa. Hatuna mgonjwa. Akatutakia safari njema, akaendelea kushuka, na alipofika kwenye kona tulimsikia akicheka na mtu mwingine aliyekuwa akipanda.

Jaribio la kumwingiza katika ngeli lilishindikana. Kasi yake ya kushuka ilikuwa ya 1,435, mzigo wake wa 1,067, na salamu zake za 1,000. Tena alikuwa mwenyewe, bila mwenza wa kumsubiri wala wa kumlaumu. Kitakwimu mtu kama huyu huitwa kisa cha pembeni na huondolewa. Tatizo ni kwamba njia ilijaa visa vya pembeni: wanafunzi wenye madaftari ndani ya mfuko wa sukari, mzee na mbuzi wake, mafundi wawili waliobeba bati wameliweka vichwani kama paa linalotembea. Walioondolewa walikuwa wengi kuliko waliobaki. Waliobaki tulikuwa sisi.

Majadiliano

Nadharia ya Kidatu ilipata uthibitisho wake wa mwisho kwa njia ambayo mtafiti asingeichagua. Siku ya kurudi mwongoza njia alitusindikiza hadi panapoonekana barabara, akaagana nasi, akapanda kurudi kwao kwa mwendo ambao hatukuwahi kumwona nao alipokuwa na sisi. Tukashuka wawili. Tulipumzika mara moja tu, chini ya mwembe. Pale mzigo ulishushwa. Pale mzigo ulipakiwa. Mimi nilijua sufuria iko kwake, naye alijua iko kwangu, na kila mmoja alikuwa na ushahidi. Tuligundua tukiwa ndani ya basi, mji wa Mikumi umeshapita, dirishani pundamilia wanakula majani bila habari na mtu.

Mjadala uliofuata ulichukua barabara yote hadi Morogoro na hauwezi kuchapishwa hapa. Mshiriki B ameleta pia dai jipya, kwamba awe mwandishi wa kwanza wa makala haya kwa kuwa alitangulia kufika kila mahali ambako data ilikusanywa. Nimemjibu kwamba mshiriki aliyefichwa jina hawezi kuwa mwandishi, na kwamba alipofika hakukusanya, aliketi. Suala limepelekwa kwenye kamati ya maadili. Kamati imesema haitakaa mpaka sharti la pili la kibali litimizwe.

Taarifa za mwisho, zilizoletwa na dereva wa bodaboda aliyezipata kwa mwenye duka, aliyeipokea sufuria kutoka kwa yule mama wa ndizi, zinasema iko Kidodi, salama, na imeshapikiwa maharage. Mwenye duka anaulizia mfuniko.